Anayependa Hisabati Aonyeshe Meno

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo jina lake sitalitaja, si kwa woga, Mungu apishie mbali, ila kwa sababu limebadilishwa mara nyingi na sitaki kumwudhi aliyelibadilisha mara ya mwisho, wanafunzi wa sekondari walikuwa wakifeli hisabati. Hawakufeli ovyo ovyo. Walifeli kwa umoja na mshikamano, kama kaulimbiu ya taifa ilivyowataka wafanye kila jambo. Kuna mwaka wilaya nzima ilipata sifuri, na gazeti la serikali likaandika kwa furaha kwamba tofauti kati ya watoto wa matajiri na watoto wa maskini sasa imekwisha.

Mtukufu Rais, hata hivyo, hakupendezwa. Yeye mwenyewe alikuwa na shahada ya heshima ya hisabati, aliyotunukiwa na chuo kikuu alichokijenga yeye na kukipa jina lake, kwa hiyo jambo hilo lilimgusa kitaalamu. Akaunda tume. Tume ikapanda ndege kwenda nchi za mbali kuchunguza, ikakaa huko mpaka wajumbe wakazoea chakula, kisha ikarudi na ugunduzi mmoja tu, lakini mzito: huko ughaibuni wanafunzi wanafaulu hisabati kwa sababu wanaipenda.

Wewe na mimi, watu wa chini, tungeuliza, je, wanaipenda kwa sababu gani? Ndiyo maana wewe na mimi hatuteuliwi kwenye tume.

"Kama kupenda ndiko kunakoleta kufaulu," alinguruma Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Profesa Daktari Alhaji Mchungaji Ngwalamba, na vyeo hivyo vyote vilikuwa vyake, hata vile viwili vya mwisho ambavyo kwa kawaida havikai kichwa kimoja, "basi tumekuwa tukihangaika bure na kufaulu! Tuachane na kufaulu! Tushughulike na kupenda! Hisabati si hesabu, ndugu zangu. Hisabati ni hisia!"

Bunge zima likampigia makofi ya kilo.

*

Sasa, kupenda kunapimwaje? Hapo ndipo alipojitokeza shemeji yake Waziri, mtu mwenye huruma sana na mali za watu waliofilisika. Kulikuwa na kampuni moja ya dawa ya meno iliyokuwa imetengeneza programu ya kompyuta ya kuweka madukani: mteja anasimama mbele ya kamera, anakenua, programu inahesabu meno yake na kumwambia hali yao. Kampuni ikafa. Shemeji akaichukua ile programu, akaipa jina jipya, Penda Namba, akatia ndani yake jedwali la kuzidisha na milinganyo michache, akaiuzia Wizara kama chombo cha kisasa cha kuamsha hamu ya hisabati kwa vijana.

Katuni ya zamani ya mswaki waliiacha, maana kuiondoa kulihitaji mtaalamu. Walimvika tu joho na kofia ya mahafali, akaitwa Profesa Mswaki. Basi mwanafunzi anakaa mbele ya kishikwambi, Profesa Mswaki anacheza ngoma kidogo, anamwonyesha swali la hisabati, na kamera inahesabu meno ya mwanafunzi anapolitazama. Meno mengi, hamu kubwa. Midomo ikifungwa, hamu hakuna. Mwishoni Profesa Mswaki hupaza sauti: "Safi! Sasa suuza!" kwa sababu na hilo nalo lilihitaji mtaalamu.

Mahali pa kuandika jibu hapakuwepo. Ofisa mmoja kijana wa Wizara aliuliza jibu litaingizwa wapi, akapandishwa cheo papo hapo kuwa mkuu wa uvuvi katika mkoa usio na mto wala ziwa.

Na ili taifa lisije likawatesa watoto wasioipenda hisabati, Mheshimiwa alitangaza kwa upendo wa mzazi kwamba kila atakayepimwa akaonekana hana hamu atahamishiwa Mkondo wa Pumziko. Huko hatafundishwa hisabati tena, hatafanya mtihani wake, wala hatasumbuliwa na namba yoyote mpaka amalize shule. Atapanda maua.

*

Katika Shule ya Sekondari ya Kumbukumbu ya Shangazi wa Mtukufu alikuwapo mwalimu wa hisabati aitwaye Machumu, mtu mrefu, mkimya, mwenye koti lililojaa vumbi la chaki hata likasahau rangi yake. Machumu alikuwa amefundisha tangu vijana wa kijiji kile wakiwa hawajaota ndevu, na sasa alikuwa akifundisha watoto wao. Katika miaka yote hiyo wanafunzi walikuwa wamemuuliza swali moja tu: "Mwalimu, hii itakuja kwenye mtihani?" Alikuwa amezoea. Mtu huzoea hata jiwe kwenye kiatu.

Mpaka siku aliyofundisha namba tasa kidato cha pili. Aliandika ubaoni: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Darasa likanakili, darasa likapiga miayo. Nyuma kabisa, msichana aitwaye Siwema, binti wa muuza mihogo ya kukaanga pale njia panda, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, zinaisha?"

"Nini zinaisha?"

"Hizo namba tasa. Ukienda mbele, mbele kabisa. Zinafika mahali zinakwisha, au zipo tu?"

Machumu aliweka chaki chini. Jibu alilijua, alikuwa amefundishwa chuoni enzi hizo, angeweza kulisema kwa pumzi moja. Lakini alimtazama yule mtoto. Uso wake ulikuwa umekunjwa wote, mikunjo miwili imesimama katikati ya nyusi, midomo imebanwa kama ya mtu anayesikiliza mwizi juu ya bati.

"Sikwambii," alisema Machumu. "Tafuta mwenyewe."

Kisha akageukia ubao, akajifanya anafuta kitu, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji na mwanamume wa umri wake hapaswi kulia kwa ajili ya namba tasa. Alikuwa na furaha mpaka aliona haya. Amengoja swali lile maisha yake yote na hakujua kama anangoja.

Tangu siku hiyo Siwema alitembea na swali lake kama mtu anayetembea na jino bovu. Alikunja uso kwenye foleni ya uji, alikunja uso akifagia uwanja, alikunja uso kanisani hata mchungaji akadhani anapinga mahubiri.

"Mwalimu, nimefika mia tano, bado zipo."

"Kuhesabu si kuthibitisha."

"Nikifika milioni je?"

"Hata ukifika."

"Kwa hiyo nikihesabu mpaka nife bado sitajua?"

"Kwa njia hiyo, hutajua."

Mtoto akaondoka amekunja uso zaidi, na Machumu akausindikiza ule mkunjo kwa macho kama mkulima anavyosindikiza wingu.

*

Kishikwambi kilifika shuleni kwa msafara wa magari. Kilikuwa kimoja. Vingine, alieleza Waziri, vilikuwa njiani, na njia za nchi hiyo zilikuwa ndefu, nawaambia, kuna vitu vilikuwa njiani tangu uhuru.

Waziri alihutubia juani mpaka wanafunzi wawili wakazirai, na hao wakahesabiwa kuwa wamezidiwa na furaha. Kisha upimaji ukaanza. Watoto walipita mmoja mmoja, wakakenua. Mkuu wa shule, Bwana Lutengano, alisimama pembeni akitokwa jasho na kuwanong'oneza, "Meno, wanangu, meno. Mengine tumwachie Mungu." Kijana mmoja mwenye meno makubwa, ambaye hadi leo hajui saba mara nane, alitangazwa kuwa na kipaji cha pekee.

Ikafika zamu ya Siwema. Profesa Mswaki akacheza, akamwonyesha swali. Ilikuwa milinganyo miwili ya kutafuta namba mbili zisizojulikana. Bahati mbaya shemeji alikuwa ameinakili vibaya, mlinganyo mmoja ukisema hili na wa pili ukisema kinyume chake, hivyo swali halikuwa na jibu duniani wala ahera. Waliotangulia hawakugundua, maana hawakusoma. Siwema alisoma. Akainama karibu na kioo. Ile mikunjo miwili ikasimama, midomo ikabanwa.

"Tahadhari!" ikalia spika mbele ya wageni wote. "Mwanafunzi huyu anaichukia hisabati! Hamu: hakuna! Safi! Sasa suuza!"

Umati ukaguna. Ilikuwa alama ya chini kuliko zote za wilaya. Waziri alimtazama yule msichana kwa masikitiko ya dhati, akamshika bega. "Pole, binti yangu. Umeteseka vya kutosha. Tutakupumzisha."

"Lakini Mheshimiwa, swali lenyewe limekosewa," alisema Siwema.

"Mnaona?" Waziri aliwageukia waandishi wa habari. "Chuki hii! Mpaka anamlaumu Profesa."

*

Machumu alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mkuu, yule mtoto ndiye mwanahisabati pekee niliyewahi kumfundisha."

"Najua, Machumu ndugu yangu. Kila mtu anajua. Lakini mashine haijui, na Wizara inaiuliza mashine."

"Basi tuwaambie Wizara."

Lutengano alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Aliyewaambia anavua samaki mahali pasipo na maji. Mimi nina watoto saba, na wewe unajua saba ni namba ya aina gani, haigawanyiki." Akashusha sauti. "Nisikilize. Wanaruhusu kupima mara ya pili kabla ya kufunga muhula. Mara moja tu. Akishindwa hapo, ni maua mpaka kidato cha nne."

Jioni ile Machumu alipita njia panda. Mama Siwema alikuwa akigeuza mihogo kwenye karai, akamkaribisha kigoda. Machumu akamweleza yote, na yule mama alisikiliza bila kuacha kugeuza.

"Mwalimu wangu," alisema mwishowe, "huyu kakunja uso tangu tumboni. Bibi yake alikuwa hivi hivi. Akihesabu mbuzi wake ungedhani anawalaani. Sasa hao wakubwa wanataka nini hasa?"

"Meno, Mama Siwema. Wanataka meno tu."

"Meno anayo. Nimemsugua kwa mkaa mwenyewe tangu yanaota." Akanyanyua kijiko, akamwelekezea Machumu. "Si umfundishe ayaonyeshe? Kama kuonyesha meno ndiyo shule ya siku hizi, basi mfundishe. Wewe si mwalimu?"

Machumu alishuka njia ya kwenda nyumbani na neno lile likimchoma. Yeye si mwalimu?

*

Wakaanza mazoezi baada ya vipindi, katika darasa tupu, kwa kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Hapo Machumu aligundua jambo ambalo Wizara nzima haikuligundua. Siwema aliweza kutabasamu. Tena lilikuwa tabasamu zuri, lenye vishimo mashavuni. Na aliweza kufikiri. Ila hakuweza yote mawili kwa pamoja. Akitabasamu, swali linamponyoka. Akilishika swali, meno yanazama.

"Nikicheka linanitoka, Mwalimu," alisema, karibu kulia.

"Jaribu tena."

"Ni kama kumeza na kupiga mluzi."

Walijaribu kila namna. Alimpa maswali mepesi, hesabu za darasa la pili, lakini mtoto yule hata mbili jumlisha mbili aliitafutia kwa nini, na uso ukakunjamana. Wiki zikayeyuka. Machumu alikonda, koti likamning'inia. Usiku na mchana aliona bustani ya maua na Siwema ameinama ndani yake na ndoo ya maji, na lile swali lake linakufa bila jibu.

Ndipo siku moja akasikia mdomo wake unasema, "Sikiliza. Ukiona swali, usilisome."

Siwema alimtazama kama hakusikia.

"Litazame tu. Kama unavyotazama ukuta. Namba zikija kichwani, zifungie mlango, sema 'siki' kimoyomoyo mpaka midomo ivutike, onyesha meno." Akamsogezea kioo. "Ni siku moja tu, mwanangu. Ukishapita hapo, kunja uso upendavyo. Nitakuletea maswali ya kukunjia uso mpaka uwe bibi."

"Siku moja tu, Mwalimu?"

"Siku moja tu."

Na Siwema, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote, alijifunza hilo kama alivyojifunza mengine, yaani barabara. Mwanzoni alifungia mlango kwa nguvu, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Baadaye kidogo kidogo. Baadaye bila shida. Siku moja Machumu alimuuliza namba tasa zake zimefikia wapi.

"Jana sikuzifikiria, Mwalimu. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Vizuri sana," alisema Machumu. Mungu amsamehe, alimsifu.

*

Siku ya kupimwa tena Siwema alikaa, Profesa Mswaki akacheza, swali likatokea, na msichana akalitazama kwa tabasamu pana, tulivu, lisilo na doa, hata mashine ikasita kana kwamba haijawahi kuona kitu kama kile.

"Hamu: mia kwa mia! Bingwa wa taifa! Safi! Sasa suuza!"

Lutengano aliruka akamkumbatia Machumu, wakazunguka uwanjani kama vijana. Machumu alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Amemwokoa! Alimtafuta Siwema katika umati amwambie kwamba sasa imekwisha, kunja uso mwanangu, lakini walikuwa wamekwisha kumwinua juu mabegani, na simu ya Wizara ilikuwa inalia ofisini.

Kumbe nchi nzima hapakuwa na mwingine aliyefika mia. Na huyu alikuwa ametoka kwenye chuki kamili! Mheshimiwa alifika mwenyewe siku ya pili na msafara mrefu kuliko ule wa kwanza, akamtangaza Siwema kuwa Balozi wa Taifa wa Hamu ya Hisabati, aende mji mkuu mara moja, azungushwe mikoani, apigwe picha.

Machumu alisogea mbele, kofia mkononi. "Samahani, Mheshimiwa. Atasoma saa ngapi?"

"Asome nini tena, Mwalimu?" Waziri alimshangaa kweli kweli. "Keshapenda!"

Mama Siwema alimfungia binti yake mihogo kwenye gazeti. Gari likaondoka. Muda si muda picha za Siwema zikabandikwa kwenye kila ukuta wa nchi, ameitazama milinganyo na kutabasamu, na chini yake maneno: ANAYEPENDA HISABATI AONYESHE MENO. Na ikatolewa amri kwamba Balozi asiachwe karibu na hesabu halisi, kwani hesabu halisi ilijulikana kumkunja uso, na uso wake sasa ni mali ya umma.

Machumu alimpitia ukutani kila asubuhi akienda kazini. Alianza kupita njia ya vichakani.

*

Mtenda wema katika nchi ile hasahauliki. Mwalimu aliyeponya chuki mbaya kuliko zote naye aliitwa mji mkuu, akavishwa nishani, akakabidhiwa Kituo cha Taifa cha Kunyoosha Nyuso. Watoto wote waliopata alama za mwisho kabisa, kutoka kila wilaya, wangeletwa kwake awaponye. Ijumaa wapimwe mara ya pili. Atakayeshindwa, maua.

Machumu hakukataa. Nani angekataa? Alijiambia kwamba hao watakuwa watoro na wavivu tu, watoto wasiojali, na kuwafundisha kukenua hakutawapunguzia kitu. Kwa mawazo hayo aliweza kulala.

Asubuhi ya Jumatatu aliingia ukumbini. Watoto walikuwa wamekaa kwenye madawati mapya, wageni wao kwa wao, wanyonge, kila mmoja aliwahi kutangazwa kwenye spika mbele ya kijiji chake. Kamera nne zilimwangalia kutoka pembe za dari. Kwa sababu ya mazoea tu, kwa kuwa mkono wake haukujua kuingia darasani namna nyingine, Machumu alichukua chaki akaandika ubaoni:

*Wageni kumi na mmoja wamekutana karamuni. Je, inawezekana kila mmoja apeane mikono na wenzake watatu tu, bila kuzidi wala kupungua?*

Akageuka.

Ukumbi ulikuwa kimya. Si kimya cha kusinzia, hicho alikijua miaka yote. Watoto walikuwa wameinama mbele. Huyu anachora vidole hewani, yule anatafuna ukosi wa shati, mwingine amefumba macho kabisa. Na kila paji la uso, kuanzia dawati la kwanza hadi la mwisho, lilikuwa limekunjwa.

Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa. Ile mashine ya dawa ya meno, kwa ujinga wake wote, ilikuwa imepita nchi nzima kijiji kwa kijiji, ikaacha watoto elfu na elfu, na kuwachomoa hawa. Kila mtoto aliyesoma swali. Kila mtoto aliyeona kwamba swali limekosewa. Wote wanaofikiri katika nchi ile walikuwa wamekusanywa chumba kimoja, wamekabidhiwa kwake, na kazi yake ilikuwa kuwakomesha kabla ya Ijumaa.

Hajawahi mtu kupewa darasa kama lile. Alilitazama kwa mapenzi, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Siwema na sare ya ubalozi, amerefuka, nywele zimesukwa vizuri. Wizara ilikuwa imemtuma aje kuwa mfano.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Akamshika mkono, akamgeuza kwenye ubao. "Hebu tazama pale. Tazama swali lile."

Siwema alilitazama. Vishimo vikatokea mashavuni.

"Ni zuri sana, Mwalimu."

"Umelisoma?"

"Hapana," alisema. "Nimeona ni zuri."

Machumu alimchungulia katikati ya nyusi, akasubiri, kama mtu anayesubiri mlangoni pa nyumba aliyowahi kuishi. Ngozi ilikuwa laini. Siwema alimwachia mkono kwa adabu, akashuka jukwaani na kuanza kazi yake. Alipita dawati kwa dawati, akamwinamia kila mtoto, akamnong'oneza kitu, akambonyeza taratibu katikati ya nyusi mpaka mikunjo ikalala. Nyuma yake safu nzima iliinua nyuso zinazong'aa meno, macho yameacha ubao.

"Siwema!" Machumu aliita. "Waache kidogo. Nakuomba, waache kidogo tu."

Alisimama, akageuka. Hapakuwa na hasira usoni pake, wala lawama, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Wakifikiri wataondolewa, Mwalimu. Si wewe uliyenifundisha?"

Machumu alipiga hesabu. Akiwaacha wafikiri, Ijumaa watakwenda kwenye maua. Akiwazuia wasifikiri, watakwenda wapi? Alitafuta jibu huku na huku, yeye aliyewafundisha watu maisha yake yote kwamba kila swali lina njia, na hakulipata.

Siwema alifika dawati la mwisho. Alikuwa hapo msichana mdogo mwenye sweta la kijani lililofumuka mkononi, aliyekuwa hajainua kichwa tangu swali liandikwe. Alikuwa akigusanisha vidole vyake viwili viwili kana kwamba ndio wageni wenyewe wanapeana mikono, midomo ikienda bila sauti. Siwema alipomwekea mkono usoni, mtoto alirudi nyuma kidogo.

"Subiri, dada. Bado kidogo tu nilipate."

"Najua," alisema Siwema kwa upole, na tabasamu lake halikutikisika. Akaziinua pembe za mdomo wa yule mtoto kwa vidole vyake.

Machumu alisimama kule mbele akiomba kwa moyo wake wote mtoto akatae. Mtoto hakukataa. Alikuwa amelelewa vizuri.